Nimefungua boksi la Cimarron, sheli iliyokimbia na manowari

Mambo vipi wadau, karibuni tena mezani kwangu. Boksi la leo ni hili hapa, modeli ya rizini ya kuunga mwenyewe, skeli ya 1 kwa 700, meli ya mafuta ya jeshi la maji la Marekani, aina ya Cimarron. Najua mlitaka manowari yenye mizinga mikubwa mikubwa, mnisamehe bana, hizo kila mtu anazo, halafu bila hii hizo zenu zingekaa bandarini zinasubiri wese.

Tupime kwanza. Rula inasema sentimita 24, so ile ya kweli ilikuwa kama mita 168. Tumboni mapipa 146,000, ukipiga hesabu ni lita zaidi ya milioni 23, yaani yale malori ya tenki tunayopishana nayo Morogoro Road, chukua la lita 35,000, utayapanga zaidi ya 600 kuijaza moja tu.

Sasa ngoja nigeuze huku nyuma, nisogeze kamera... mnaona? Pangaboi mbili. Hapa ndo stori yote ilipo. Mwaka 1938 Standard Oil ya New Jersey inaagiza meli 12 za mafuta, na we fikiria, mfanyabiashara spidi ya nini, mafuta hayaozi. Mwenye shida ya spidi alikuwa jeshi, maana meli zake za mafuta za zamani nyingi hazikufika hata noti 15 (noti ndo kipimo cha spidi ya meli), manowari zikikaza mwendo zinaziacha solemba. Basi serikali ikamwambia mwenye kampuni jenga, ile gharama ya ziada ya injini kubwa nalipa mimi, ila vita ikija nazichukua. Wakapata noti 18, kama kilomita 33 kwa saa. Cimarron yenyewe ikaingia kazini Machi 1939, Neosho na Platte zikafuata, majina ni ya mito, na hadi vita inaisha zilishajengwa zaidi ya 30. Nne walizigeuza kabisa wakazitandikia uwanja wa ndege juu, nazo zikapigana.

Hizi nguzo zenye mikono hapa katikati ndo zilishika mipira ya mafuta. Meli mbili zinakwenda ubavu kwa ubavu, zimeachana mita chache, wanarusha kamba nyembamba, nyembamba inavuta nene, nene inavuta mpira, pampu inawashwa, na hakuna anayesimama, wa usukani akisinzia kidogo tu mpira umekatika au mmegongana. Wamarekani walianza hii kitu Mei 1917 katikati ya Atlantiki na meli inaitwa Maumee, na mmoja wa maofisa walioumiza kichwa kuitengeneza ni Chester Nimitz, huyo huyo aliyekuja kuongoza vita ya Pasifiki. Na Aprili 1942 Cimarron ndo iliyoijazia Hornet, manowari ya kubeba ndege, ikiwa njiani kwenda kuishambulia Tokyo.

Kwenye modeli mikono miwili imekuja imevunjika na mmoja umepinda. Uliopinda utie kwenye maji ya moto utanyooka, ila kufunga mzigo hivi kwa bei ile, hapana, hapo wamenikosea.

Haya, Neosho. Asubuhi ya tarehe 7 Desemba 1941, siku Wajapani walipoishambulia bandari ya jeshi la Marekani kule Hawaii, ilikuwa hapo hapo Pearl Harbor, imefunga pale Ford Island katikati ya manowari, imetoka kushusha petroli ya ndege. Mabomu yanadondoka, kapteni wake John Phillips akaichomoa kutoka gatini ikapita salama. Miezi mitano baadaye, 7 Mei 1942, Bahari ya Matumbawe karibu na Australia, rubani wa Kijapani anaiona kwa mbali na anaripoti manowari ya kubeba ndege. Zikatumwa ndege 78! Kwa meli ya mafuta na destroya moja, yaani manowari ndogo ya kusindikiza, Sims. Sims ikazama, Neosho ikala mabomu saba ikagoma kuzama, ikaelea siku nne ikiwaka na kuinama, mpaka tarehe 11 ikafika destroya nyingine ya Marekani, Henley, ikawaokoa watu 123, kisha Henley hiyo hiyo ikaizamisha. Ndani mle fundi wa boila, Oscar Peterson, ameumia tayari, alipita kwenye mvuke akafunga valvu kwa mkono, akafa kwa majeraha ya moto. Walimpa Medali ya Heshima.

Mississinewa, dada yao mwingine, nayo ilipigwa Ulithi, visiwa vya Pasifiki, Novemba 1944 na torpido ya Kijapani, lile bomu linalokwenda chini ya maji, yenye mtu ndani yake, watu 63 wakafa. Meli zilizomaliza vita zilikaa sana, miaka ya 60 nane kati yake zilikatwa katikati zikaongezewa kipande kipya zikawa ndefu, kama basi la Coaster likichomelewa siti, na baadhi zilifanya kazi hadi mwishoni mwa miaka ya 80.

Alama zangu: mwili wa meli 9, mikono 4, maelekezo 5 maana picha ni ndogo kama stempu. Mwenye subira anunue, anayeanza aache kwanza.

Na kitu kimoja kimenikera, stika za namba zimeletwa za 22 tu, yaani Cimarron. Mimi nataka 23, Neosho. Nimenunua rangi nyeupe na sindano, leo usiku naichora kwa mkono, ikiharibika nitawaonyesha hivyo hivyo.