Timeshift: nilivyoharibu snapshoti zangu kwa mkono wangu mwenyewe

Timeshift, programu ya Linux inayohifadhi nakala za hali ya mfumo (snapshoti) ili uweze kurudi nyuma mambo yakiharibika, nimeitumia kama miaka minne sasa. Sikuitafuta, niliikuta ndani ya Linux Mint, ambao tangu 2022 ndio wanaoitunza. Nikaielekeza kwenye diski ya nje, nikapanga ichukue snapshoti moja kila wiki na kubakiza sita, kisha nikaisahau. Mara mbili sasisho lilivuruga kompyuta, na mara zote mbili nilirudi kwenye hali ya kabla ya sasisho chai ikiwa haijapoa.

Basi nikanunua SSD ya gigabaiti 256 nikitaka kuhamishia snapshoti zote huko. Nikaandika sudo cp -r (sudo ni kutenda kwa mamlaka ya msimamizi, cp -r ni kunakili folda na vyote vilivyomo), nikaenda kulala nikijiona fundi.

Asubuhi diski ilikuwa karibu kujaa. Kwenye diski ya zamani snapshoti zile sita zilikula gigabaiti 54 tu. Kwenye mpya zimekuwa 216. Hapo ningepaswa kushtuka. Nikasema moyoni, labda ni mahesabu ya diski, nikaichagua diski mpya kwenye mipangilio ya Timeshift, nikaendelea na mambo mengine.

Wiki tatu baadaye sasisho la kerneli, kiini cha mfumo, likaniachia skrini nyeusi. Sikuwa na wasiwasi. Nikawasha kwa flashi ya Linux Mint, nikafungua Timeshift, nikachagua snapshoti, ikarejesha bila kulalamika. Kompyuta ikawaka, lakini dirisha la kuingilia halikutokea. Nikaingia kwa terminali, nikaandika sudo, ikanijibu kwamba faili yake lazima iwe na biti ya setuid, alama inayoruhusu programu kufanya kazi kwa mamlaka ya mmiliki wake. Nikajaribu su, amri ya kubadili mtumiaji, nayo ikakataa. Databasi haikuwaka kwa sababu folda yake sasa ilikuwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Kwa kweli kila kitu kilikuwa mali ya root.

Kosa lilikuwa ile cp -r. Timeshift katika hali ya rsync (programu ya kunakili faili) hunakili mfumo mzima mara ya kwanza tu. Snapshoti zinazofuata, faili ambayo haijabadilika hainakiliwi tena. Inapewa jina jingine linaloelekea kwenye data ileile ya diski. Ndiyo maana sita zinaenea kwenye nafasi ya moja na nusu. cp -r haijui habari hiyo: kila jina inalifanya faili kamili. Tena inaacha nyuma mmiliki wa faili, na biti ya setuid inaitupa. Nilichokuwa nacho ni maganda ya snapshoti. Nilipofungua kumbukumbu za kazi zake kwenye /var/log/timeshift nikakuta hata snapshoti mpya zilikuwa zimeshindikana. Faili za mfumo hazikufanana tena na zile za kwenye diski kwa tarehe ya kubadilishwa, ambayo cp -r nayo haiibebi, kwa hiyo rsync ilitaka kunakili zote upya, na nafasi haikuwepo.

Kilichoniokoa ni uvivu. Diski ya zamani ilikuwa bado kwenye droo, sijaifuta. Nikaichomeka, nikawasha tena kwa flashi, nikarejesha kutoka kwake, nikaacha GRUB, programu inayouanzisha mfumo, isakinishwe upya. Kompyuta ikarudi nzima, na nyaraka zangu hazikuguswa kwa sababu Timeshift kwa kawaida huziruka folda za watumiaji. (Kwa hiyo usiitegemee kwa picha za familia. Hizo nazihifadhi kwa Déjà Dup, programu ya nakala rudufu za nyaraka.)

Kisha nikaifomati SSD kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux, na kuhamisha upya, safari hii kwa sudo rsync -aHAX. Ile H ndiyo inayohifadhi majina mengi ya faili moja. A na X zinabeba ruhusa za ziada. Zikaingia kwenye gigabaiti 54 zilezile. Timeshift ikadai haioni diski, na ilikuwa na haki: ukifomati, UUID (namba ya utambulisho wa diski) inabadilika, nayo hukumbuka diski kwa UUID. Nikaichagua tena kwenye mipangilio, na sudo timeshift --list ikaonyesha zote sita.

Sikuridhika na orodha peke yake. Nikaingia ndani ya folda ya localhost ya snapshoti ya mwisho, nikapiga ls -l kwenye usr/bin/sudo, nikaiona ile herufi s kwenye rws. Nikapiga stat, ikasema faili ina viungo sita, yaani majina sita ya data moja.

Kama programu naipa nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa sababu snapshoti ya wiki ilishindikana mara tatu nami nisijue, mpaka nilipokwenda kuchimba kwenye kumbukumbu. Ningependa ipige kelele. Na kama mfumo wako uko kwenye Btrfs, mfumo mwingine wa faili wenye snapshoti zake, fahamu kwamba snapshoti za hali hiyo hukaa kwenye diski ileile ya mfumo. Ni ya haraka ajabu, ila diski ikifa, snapshoti zinakufa nayo.

Diski ya zamani nimeirudisha kwenye droo. Sitaifuta upesi.