Air Congo, Lubumbashi–Kinshasa: ndeke iliruka saa yake, na mi nataka kusema sababu gani iyo ni kitu kikubwa

Mi ninauzisha pyesi (vipuri) za motokari ku soko ya Kenya, iyo ni mutaa wa apa L'shi (Lubumbashi), haiko inchi ya Kenya, na Kinshasa ninaenda mara tatu mara ine kwa mwaka, kwa hiyo naandika kama mutu mwenye kuhesabu pesa yake. Mwezi ulipita nilipanda Air Congo kwa mara ya kwanza, kwenda na kurudi, na batu mingi ku soko banauliza iko namna gani, basi najibu wote mara moja.

Iko muzuri. Tulitoka Luano, kiwanja ya ndeke ya L'shi, ile saa yenye iliandikwa ku bileti, kurudi vilevile. Ndeke ni Boeing 737-800, viti bizima, mikanda yote inafunga (iyo naangaliaka siku zote), ba hostesi banaongea na batu kwa heshima, kulikuwa muzee moja nyuma yangu, mara yake ya kwanza kupanda, balimusaidia pole pole mpaka akakaa akatulia. Valizi zangu zote mbili zilitoka ku N'Djili, kiwanja ya Kinshasa, na kamba imefungwa vile niliifunga mwenyewe. Chakula, kidogo tu, lakini safari ni masaa mbili na kidogo, na juu sisi tunatangulia Kinshasa saa moja, unatoka saa mbili ya asubuhi ya kwetu unafika saa tatu na kidogo ya kwao, siku nzima ya kazi iko mbele yako.

Sasa iyo mambo ya saa njo nataka kuikalia, juu mutu wa Nairobi ao wa Dar ataona ni kitu kidogo. Kwetu hapana. Kutoka apa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1,500 kwa mustari wa hewani, na barabara ya kweli ya kukufikisha haiko. Treni inakupeleka Ilebo, kisha unatafuta mashua ya kushuka muto Kasai, iyo ni majuma na majuma. Kwa hiyo ndeke kwetu haiko starehe ya matajiri, hata mama wa kuuzisha samaki ya kukauka anachanga pesa anapanda, na ikikosa kuruka hana njia ingine.

Mwaka ulipita, na kompani ingine (jina naacha), nililala ku Luano usiku mbili. Nasema nililala, juu kila mara banasema inakuja, ukienda nyumbani utaikosa. Ndeke yao ilikuwa imeharibika ku muji mwingine na habakuwa na ingine. Ule dada wa ku gisheti (dirisha ya bileti) batu balimulalamikia mpaka akalia, na yeye hakukuwa na kosa yoyote, hakuna mutu alimuambia kitu. Nilipofika Kin, mteja wangu alikuwa ameshanunua injini kwa mutu mwingine. Iyo pesa haikurudi.

Apo njo nilianza kuelewa hii biashara. Kompani ya ndeke moja ao mbili inaweza kuwa na rubani wa nguvu, rangi ya muzuri, bei ya chini, lakini kila siku inacheza bahati. Ndeke ile moja asubuhi inafanya Kananga, muchana inarudi Kin, magaribi inakuja kwetu, ikichelewa masaa mbili asubuhi basi sisi ba mwisho tunalipa iyo masaa yote, na ikikosa pyesi moja, hata ndogo ya kushika mu mukono, batu mia na kitu banalala chini. Mi nauzisha pyesi, najua pyesi yenye haiko ku stoki inafanya nini kwa mutu wa taksi. Inamufunga siku tatu bila kula. Ndeke ni vile vile, ila deni yake inahesabiwa ku dola.

Air Congo ilianza kuruka mwezi wa 12, mwaka 2024, na ndeke mbili, ni kompani ndogo, lakini nyuma yake kuko Ethiopian Airlines na 49 ku mia, Leta (serikali) yetu na 51 ku mia. Iyo 49 njo naona mimi inafanya kazi. Ku Addis Ababa kuko garaji kubwa, stoki ya pyesi, masomo ya marubani, na ba 737 mingi za aina moja na hizi zetu, fundi mwenye anajua moja anajua zote. Ukiwa na kaka wa vile, ndeke ikikamata homa, uko na mahali pa kubisha mulango.

Na Ethiopian haifanye iyo kwa huruma, tusijidanganye. Ni mpango wao wa zamani. Balianza Lomé, kule Togo, na kompani ASKY mu 2010, kisha Malawi, kisha Zambia kwa majirani wetu mu 2021, mu izo tatu balishika sehemu chini ya nusu, jina na bendera zilibakia za wenye inchi. Banapata nini? Abiria. Mutu anatoka Mbuji-Mayi, anafika Kin, kesho anataka Dubai ao Guangzhou kununua bintu, bamupitishe Addis. Kenya Airways inamuvuta huyo huyo apite Nairobi, ba South Africa banamuvuta Johannesburg. Sisi ba commerçant (wafanyabiashara) ba L'shi njo tunapiganiwa, na kompani zetu mu hiyo vita habamo, tangu 2006 Ulaya ilianza kuziweka ku liste ya zile zenye haziruhusiwe kuruka kule, basi zimebakia kunyanganyana abiria ba ndani tu, na abiria ba ndani pesa yao iko kidogo.

Lakini kaka mukubwa peke yake hatoshe, na sisi ba L'shi tunajua kuliko wote. Munakumbuka kompani ya ndeke Korongo? Ilikuwa ya apa apa, ku Luano, Brussels Airlines na kompani ya Forrest nyuma yake, ilianza 2012, tulikuwa na furaha ya kweli, jina yenyewe ya Kiswahili imeandikwa ku ndeke. Mu 2015 ikafunga. Kulikuwa usafi, kulikuwa bazungu na akili yao yote, lakini mafuta iko bei, kodi za kiwanja iko bei, soko iko kidogo, na mwaka ule ule Congo Airways ya Leta ikaingia na Airbus. Ile ilinifundisha kuogopa kusifia mapema.

Kitu kingine kinanisumbua. Leta iko na 51 ku Air Congo, na Congo Airways ni ya Leta pia, na mwenye kupima usalama wa wote ni Leta, mwenye viwanja ni Leta. Refa hawezi kuwa na timu mbili mu mchezo moja. Mi napenda Air Congo, lakini naomba CAA, kompani ingine ya ndeke ya kwetu, na wengine babakie hewani, juu siku atabakia moja peke yake, bei ya bileti ataipanga vile anataka na sisi tutalipa tu, barabara haiko.

Kwa wenye banataka kujaribu: nunua mapema, bei ya siku ya mwisho inauma, na pesa ya Go-Pass (kodi ya kiwanja ya ndeke) uiweke kando, usiitafute ku mulango. Ukiwa na mizigo ya biashara uliza kilo mbele ya kulipa.

Noti yangu ni 8 ku 10. Zile mbili nitaziongeza kama mwaka unakuja bangali banatoka saa yao.

Bileti ya mwezi unakuja nimeshanunua. Mteja wa Limete, kule Kinshasa, nimemuambia saa nane ya muchana niko kwake na injini yake. Tangu nianze hii kazi, sikupata kuambia mutu wa Kin saa.