TAHADHARI: Kuna mzee anauza spea za Yamaha DT za zamani Dar, kanipiga laki tano na nusu

Wadau habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, na aibu pia ninayo sitaficha, maana wengi wenu mnanijua kwa hizi pikipiki za zamani na kuna ambao huwa mnanipigia kabla hamjanunua kitu. Leo aliyepigwa ni mimi. Nimepigwa mchana kweupe, kitu nimekishika mkononi nakiangalia, na hela nimehesabu mwenyewe.

Ile DT 175 ya mzee wangu, baba, mnaijua. Tangu Pasaka iko chini yote, chesisi nimeshakata mkia na kuchomelea upya, rimu zimefungwa spoki mpya, injini iko kwenye beseni uani, kila bolti kwenye kikopo chake. Vilibaki vitu viwili tu, tangi na bloku (silinda ya injini, mle pistoni inamopanda na kushuka), kwa sababu bloku yenyewe ilishachongwa mpaka ukomo, hakuna tena pistoni ya kuijaza. Standadi ya tundu la bloku ya hii mashine ni milimita 66, unachonga kidogo, unachonga tena, saizi za pistoni zikiisha ni slivu mpya (lile bomba la ndani ya bloku) au bloku nyingine. Nimetafuta miezi minne jamani. Boda zote unazoziona barabarani ni foo stroku (four stroke), spea zake ziko kila kona, lakini ukitaja two stroke ya Yamaha, hii inayochoma oili pamoja na petroli, watu wanakuangalia tu.

Sasa huyu mzee nilipewa namba yake na mtu (huyo mtu simlaumu, na yeye alipewa tu). Nikapiga, sauti ya mtu mzima, mpole, nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, akaanza kuniuliza yeye. Mashine yako ina pampu ya oili au unachanganya mwenyewe kwenye petroli? Ridi zake (vile vibati vya kuingizia hewa na petroli) umezikagua? Tapeli gani anauliza maswali hayo? Akaniambia anazo spea kutoka kwenye DT iliyokuwa ya mradi wa maji, ya pleti za DFP (zile za miradi ya wafadhili), imetembea kidogo ikawekwa stoo. Na ni kweli DT nyingi za nchi hii zilikuja na miradi, ya mzee wangu pia ilitokea huko huko, kwa hiyo stori iliingia yenyewe.

Nikapanda treni ya SGR asubuhi kutoka Moro (Morogoro). Akanipokea mwenyewe, tukaenda mpaka stoo moja uchochoroni, sio zile fremu za spea za Gerezani, ni mbele huko. Ndani kuna chesisi zimening'inia, shokapu, kabureta kwenye ndoo, yaani unaingia unajiona umefika nyumbani. Tangi kalifunika na kanga. Jekundu, linang'aa, halina hata mkwaruzo. Akafungua mfuniko akanimulikia na tochi ya simu ndani, safi, hakuna kutu hata doa. Nikauliza limepigwa rangi? Akasema rangi tu ya juu, bati ni la kiwandani.

Bloku ndo alinimaliza. Akaitoa kwenye gazeti, akaipangusa na kitambaa chenye oili, akachukua vernia (kipimio cha midomo miwili) akaniambia shika upime mwenyewe. Nikapima. 66 kamili. Nikarudia, 66. Na hapa ndo roho inaniuma mpaka naandika hivi, kwa sababu mimi najua, najua kabisa, kwamba ile midomo ya vernia inapima pale juu kwenye ukingo tu, pale ringi hazifiki, pale hapaliki hata mashine ikimbie miaka ishirini. Bloku inalika chini pale, ringi zinapopita. Nilitakiwa nidai boageji (geji ya kupimia upana wa tundu mpaka chini) au niingize ringi mpya niisukume ndani nipime mwanya wake. Sikufanya. Nilikuwa na furaha, nimeona 66 akili ikafunga.

Halafu adhana ya alasiri ikatoka. Mimi nilishatoa hela mfukoni, nimeishika. Mzee akanirudisha mkono, akasema mwanangu hela haikimbii, wacha nikaswali kwanza. Nikamwambia mi sio Muislamu, akasema basi nilindie vitu vyangu, akanipa na funguo ya stoo mkononi. Akaniacha peke yangu na spea zote zile kama dakika ishirini. Niambieni, mtu anakupa funguo, anakuacha na mali yake, utamfikiria wizi? Aliporudi nikaona hata aibu kubishana bei. Alisema laki sita, akapunguza mwenyewe ikawa laki tano na nusu, akaniombea na dua ya safari njema. Risiti ni karatasi ya daftari, jina moja tu.

Kesho yake nikaanza na tangi, nataka nilitoe rangi nipige yangu ile ya kijivu. Msasa mia na ishirini. Wekundu ukaisha, kijivu kikaisha, ikaanza kutoka puti (ule udongo wa kuzibia bati lililobonyea). Nikasema sawa, labda kuna kibonye. Puti haiishi. Nikagonga na mpini wa bisibisi, ubavu mzima wa kushoto ukatoa sauti kama unagonga ubao, afu kipande kikabanduka kikubwa kama kiganja changu, kinene kama biskuti. Chini yake sio bati, ni matobo na viraka vya bati la kopo vimelehemiwa kwa risasi. Na ule usafi wa ndani ni rangi ilimiminwa humo, nilivyotia petroli ikayeyuka ikawa uji.

Bloku nikampelekea fundi wa lethi (mashine ya kukereza chuma). Kashusha geji mara moja tu akaninyamazia. Katikati pamekula karibu milimita nzima. Pistoni mpya ya standadi niliyokuwa nimeshainunua inacheza mule kama mchi kwenye kinu. Na tundu mbili za bolti upande wa ridi hazina njia (meno ya kushika bolti), zimejazwa gundi ya chuma zikapigwa sprei ya silva.

Nikapiga simu, akasema yuko msibani. Siku ya pili msibani. Siku ya tatu haipatikani. Nikarudi Dar. Stoo nikamkuta kijana mwingine kabisa, stoo ni ya KWAKE, spea zote zile ni za kwake, anasema yule mzee huwa anamwomba aweke mizigo na anampa elfu ishirini akiwa na mteja. Kwa hiyo zile mali nilizoachiwa nizilinde hazikuwa hata zake!! Alikuwa anajifanya anakuamini kwa mali ya mtu!

RB ya polisi nimechukua, na huyo kijana amekubali kuja kutoa maelezo. Nataka huyu mzee alale ndani. Sitaki suluhu, sitaki aniletee watoto wake waniombe msamaha, kumtumia Mungu kuibia watu na mvi zile kichwani, hapana, akae mbele ya hakimu aeleze. Wangapi kawafanyia hivi wakanyamaza kwa sababu ya aibu kama niliyonayo mimi? Nyie mnaonyamaza ndo mnamfuga.

Dalili ni kwamba hakubali uende na fundi, mimi alinikataza akasema mafundi wanaharibu bei. Hataki kutuma picha, anasema uje uone. Tangi pitisha sumaku, penye puti haishiki, mi sumaku ninayo nyumbani kwenye droo. Bloku usikubali vernia. Mengine sasa hivi kichwa kimechoka.

Kama na wewe uliuziwa naye, tangi au chochote, nitafute, nakuhitaji tukaandikishe pamoja, kesi ya watu watatu wanne haizimwi kirahisi. Kuwasha pikipiki mwezi huu kama tulivyopanga haitawezekana, wale mliokuwa mje mnisamehe, na mama nimeshamwambia. Mwenye bloku ya DT 175 aje nayo Moro, boageji nimeshaazima iko hapa mezani.