Mafuta nyota tano, dawa ya mtutu nyota mbili

Nianze na hukumu ili wenye haraka waondoke nayo. Chupa ya Tru-Oil, mafuta ya kupaka mbao za bunduki, ile ndogo ya mililita 90 hivi: nyota tano. Boksi la dawa ya kurudishia weusi wa mtutu nililonunua siku hiyohiyo: nyota mbili, na ya pili nimeitoa kwa huruma. Jina la boksi silitaji, maana sehemu ya makosa ni yangu mwenyewe.

Bunduki ni Marlin 336, inakula risasi za .30-30, ile ya kukoki kwa mkono wa chini kama za wachunga ng'ombe wa kwenye sinema. Aliniuzia mzee jirani yangu hapa Lancaster, Pennsylvania, baada ya magoti kumkatalia kupanda vilima. Aina hii ilianza kutengenezwa 1948 na zimetoka nyingi kweli, kwa hiyo kuipiga msasa si dhambi. Ingekuwa Winchester Model 70 ya kabla ya 1964 ningeifuta vumbi tu na kuirudisha kabatini. Wakusanyaji wa hizo wanalipia hata mikwaruzo yake ya zamani, ukiing'arisha umeila thamani kwa mikono yako. Yangu vanishi ilikuwa inabanduka magamba magamba, kitako kimejaa mibonyeo, na mtutu umepauka pale mkono unaposhika mpaka unafanana na sufuria.

Mimi nimekulia Keko, Dar es Salaam. Marehemu baba alikuwa fundi wa makabati na vitanda, na kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa najua msasa wa 120 haufuatwi na wa 400. Mbao haikunitisha. Kilichoniumbua ni chuma.

Kwanza kabisa nilikagua kama ina risasi. Kisha nikakagua tena, pamoja na lile bomba la risasi lililo chini ya mtutu, maana kuna watu wanatazama chemba tu halafu wanajiona wamemaliza. Kitako cha 336 kinashikwa na skrubu moja tu nyuma ya mtambo. Nikaichukua bisibisi ya jikoni, ile inayokaza vishikio vya masufuria, nikazungusha, ikateleza, ikang'ata mdomo wa skrubu. Bisibisi ya kawaida ncha yake imechongoka kama kabari, haijazi ule mfereji. Mafundi bunduki wana za kwao zenye ncha iliyonyooka pande zote, inayoingia na kukaa. Skrubu ile hadi leo ina kovu.

Mibonyeo haisuguliwi. Ukisugua mpaka ulingane na shimo umekula mbao nzima. Nilichukua pasi ya mama watoto (bila ruhusa), nikalowesha kitambaa cha pamba, nikakiweka juu ya mbonyeo mmoja mkubwa kama ukucha wa dole gumba na kugusisha pasi ya moto. Tssss. Nyuzi za mbao zilizolala zinakunywa ule mvuke na kuvimba. Mara ya kwanza shimo likabaki nusu, mara ya pili robo, mara ya tatu nilipitisha kidole nikiwa nimefumba macho na sikulipata. Ila mchubuko uliokata nyuzi hauinuki hata upige pasi mpaka kesho. Hiyo miwili imebaki.

Nikampigia kaka yangu, bado yuko Keko na karakana ya baba. Nikamwonyesha kwenye simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba dogo. Huo ni mguu wa kiti gani?"

"Kitako cha bunduki."

Kimya. "Umeajiriwa polisi huko?"

"Ya kuwindia, kaka. Paa wa huku."

"Mbao gani?"

"Jozi, huku wanaita walnut."

"Naona kama mninga uliofiwa. Puliza sanding sila, piga vanishi, jioni imekauka, unamkabidhi mteja."

Nikamwambia vanishi ndiyo hiyo nimetoka kuibandua. Akacheka. "Basi paka mafuta. Lakini kidogo! Wewe tangu utotoni mkono wako mzito."

Na kweli. Safu ya kwanza nilipaka kama mama anavyompaka mtoto asubuhi ya shule. Kesho yake kitako kilikuwa kinanata, kimekusanya vumbi lote la gereji na unyoya mmoja wa paka. Hilo si kosa la Tru-Oil. Haya ni mafuta ya kitani yaliyochanganywa na mafuta mengine ya asili, yametengenezwa yakauke haraka na kushika juu ya mbao, kwa hiyo ukiyarundika yanafunga ngozi juu na chini yanabaki mabichi. Nikasugua yote kwa nyuzi laini za chuma, si zile za kusugulia masufuria, ni namba 0000, laini kama nywele. Nikaanza upya: matone matatu, kidole kimoja, unasugua mpaka unasikia joto, unaacha usiku kucha. Kesho yake unapitisha 0000 kwa wepesi, unafuta vumbi, unarudia. Kwa jioni nane.

Safu ya nne ndipo jozi ilipofunguka. Mistari ya kahawia iliyokuwa imejificha chini ya vanishi ikajitokeza, mmoja unapinda kama moshi kuelekea nyuma ya kitako. Nilimwita mama watoto aje aone. Alikuja, akaona, akauliza pasi yake ina doa gani.

Nimewahi kutumia mafuta ya kitani matupu, yale ya kopo wanayoyaita ya kuchemsha, kwenye mpini wa koleo. Ni rahisi zaidi lakini yanachukua siku kadhaa kukauka, na maji yakikaa juu yanaacha alama. Kwa mpini sawa. Kwa kitako, ongeza hela.

Mambo mawili, la kwanza maelezo ya chupa yanalipitia haraka. Vitambaa ulivyofutia mafuta haya usivifinyange ukavitupa kwenye pipa. Yanapokauka yanatoa joto, na tambara lililokunjwa linaweza kuwaka lenyewe. Mimi navitandaza uani vikakamae ndipo navitupa. La pili ni kwa wenye Marlin: chini ya kitako kuna kiduara cheusi na cheupe kama shabaha ndogo, ndiyo alama ya kampuni. Kifunike kwa utepe kabla hujashika msasa. Kila nimwonapo mtu amekisugua kikaisha, moyo unaniuma kama amefuta muhuri kwenye cheti.

Sasa boksi. Ndani mna chupa tatu na vijiti vya pamba: ya kuondoa grisi, ya kuondoa kutu na weusi wa zamani, na dawa yenyewe. Ya pili sikuihitaji hata kidogo, siki nyeupe ya jikoni inaondoa weusi kwa dakika chache. Dawa yenyewe ina chumvi za seleni, ni sumu, inanuka kitunguu saumu kilichooza, na harufu inabaki kwenye chuma siku mbili tatu. Vaa glavu, fungua mlango wa gereji.

Nilisafisha, nikapasha mtutu kwa mashine ya kukaushia nywele, nikapaka. Sentimita kumi za kwanza nilijiona bingwa. Kisha ikawa pundamilia: hapa nyeusi, pale kijivu, na mahali pamoja alama ya dole gumba langu limechapwa kama pale kituo cha kupigia kura. Grisi ya kidole kimoja kilichotoroka glavu ilitosha. Nikarudia mara mbili, ikakaribia kulingana, lakini ule weusi mzito wa kiwandani haukuja. Pale penye namba ya silaha sikusugua kabisa. Huku namba ikifutika, kuwa nayo tu ni kosa la jinai la serikali kuu.

Kwa haki, dawa hii inafaa kwa kazi ndogo. Kichwa cha skrubu, mkwaruzo, ukingo uliochakaa, dakika tano umemaliza. Tatizo ni picha iliyo juu ya boksi, ambayo inakuahidi mtutu mzima. Weusi wa viwandani unapikwa kwenye madini ya chumvi na magadi makali yaliyopita nyuzi 130 za Selsiasi, au kwa njia ya wazee: unauacha mtutu ushike kutu nyembamba, unauchemsha kwenye maji mpaka kutu igeuke nyeusi, unasugua, unarudia siku kadhaa. Huu wa baridi ni utando tu, kama wanja.

Msimu wa kawaida wa kuwinda paa kwa bunduki hapa hufunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Thanksgiving. Mvua ilinyesha toka saa moja asubuhi. Maji yalitiririka juu ya kitako kama juu ya jani la mgimbi, nikakifuta kwa mkono wa shati na hakuna kilichobadilika. Mtutu, pale nilipoushika, jioni ulikuwa na rangi ya chai. Paa sikumwona. Mtutu nitaupeleka kwa fundi.

Mzee jirani alikuja kuiona. Akaigeuza, akasifu mistari, halafu akaanza kupapasa upande wa kulia wa kitako kwa dole gumba, polepole, anatafuta.

"Palikuwa na shimo hapa," akasema. "Nilianguka nayo kwenye jiwe, siku niliyompata paa wangu wa kwanza."

Nikamwambia ni pasi.