Unalipia nini: fMRI ya tesla 3 au PET ya sukari?

Anayelipia saa moja ya fMRI (picha za sumaku zinazoonyesha ubongo ukiwa kazini) ananunua habari za damu. Umeme wa seli za neva hauonekani humo moja kwa moja. Sehemu ya ubongo ikianza kazi, mishipa midogo ya hapo hutanuka na damu hufurika, kama pilau ya harusini inavyopikwa kuzidi idadi ya walaji. Mwaka 1986, watafiti Fox na Raichle waliwatetemesha watu vidole wakiwapima kwa PET (picha inayofuata kemikali yenye mionzi iliyoingizwa mwilini): mtiririko wa damu ulipanda asilimia 29, matumizi ya oksijeni asilimia 5 tu. Himoglobini iliyokwisha kutoa oksijeni huvuruga uga wa sumaku. Damu mpya ikiisukuma, picha hung'aa kidogo. Ndiyo ishara ya BOLD, yaani ishara inayotegemea kiwango cha oksijeni kwenye damu.

Na ni kidogo kweli: kwenye tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), mara nyingi asilimia 1 hadi 3. Mwanga ukimulika macho kwa sekunde moja, ishara hufika kileleni baada ya sekunde 5 au 6, kisha hushuka chini ya kiwango cha mwanzo kabla ya kutulia. Kichwa kikisogea hata nusu milimita, umepoteza zaidi ya ulichokuwa unatafuta. Jaza sponji pande zote mbili za kichwa ndani ya koili, kifaa kinachozunguka kichwa na kupokea ishara. Kahawa hubana mishipa, kwa hiyo vipimo vya siku mbili havilinganishiki mtu akiwa amekunywa siku moja tu. Akibana pumzi, kaboni dioksaidi hupanda na ubongo mzima "hufanya kazi". Mfunge mkanda wa kupima pumzi. Juu ya macho, karibu na matundu ya hewa ya uso, picha hufifia yenyewe. Doa linalong'aa kuliko yote nalo huenda likawa mshipa unaoondoa damu, milimita kadhaa mbali na kazi yenyewe.

PET ya FDG (sukari iliyotiwa mionzi) iko karibu zaidi na swali la nishati: ubongo unatumia kiasi gani. Sukari hiyo huingia ndani ya seli, hubadilishwa hatua moja, kisha hunaswa humo. Mgonjwa afunge angalau saa 4, na sukari ya damu ipimwe kabla ya sindano: ikiwa juu, hugombania mlango na FDG na picha huja hafifu. Halafu alale kimya kwenye chumba chenye mwanga hafifu kama dakika 30. Akicheza na simu, sehemu ya kuona iliyo kisogoni itawaka. Kasoro yake ni kwamba picha moja ni jumla ya dakika hizo zote, na mionzi hairuhusu kurudiarudia.

Kwa kutafuta chanzo cha kifafa, kati ya degedege moja na nyingine, tungechukua PET: eneo lenye hitilafu mara nyingi hutumia sukari kidogo. Kwa kufuatilia kazi inayobadilika kila nusu dakika, fMRI. Anayetaka kupima matumizi ya oksijeni kwa fMRI aulize kama kituo kina vifaa vya kumvutisha mtu hewa yenye kaboni dioksaidi asilimia 5 ili kusawazisha ishara. Bila hivyo, asilimia za BOLD zisisomwe kama asilimia za nishati.