Kioo kinachomnyima mtu uso wake: nakala ya Magritte mezani

Jamani, karibuni tena! Leo nina nakala ya kuchapwa ya La reproduction interdite, mchoro wa Mbelgiji René Magritte wa mwaka 1937. Karatasi na wino mnavijua, naviruka. Twende moja kwa moja kwenye kioo, maana hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Huyu bwana ametupa kisogo, anajitazama. Kiooni tungetarajia uso. Hakuna! Ni kisogo tena. Wengi hucheka hapo, wakapita. Msipite, tafadhali. Tazameni chini kulia, pale kwenye rafu: kuna kitabu cha Edgar Allan Poe, mwandishi Mmarekani. Nakifunika kwa kiganja pamoja na taswira yake. Sasa unaweza kujitetea: labda kile si kioo, ni dirisha, na mbele kuna bwana mwingine. Akili imetulia. Naondoa kiganja... mnaona? Kitabu kimeakisiwa sawasawa, kimegeuka jinsi kioo chochote kinavyogeuza. Basi kioo ni kizima! Kinatii kwa kitabu, kinakataa kwa mtu, kwa wakati uleule. Ngoja nirudie taratibu. Nafunika, nafunua. Jicho linakwenda kwenye kitabu kutafuta ushahidi, likirudi kwa yule bwana ushahidi wenyewe unalisuta.

Na hii ni picha ya mtu halisi, Edward James, Mwingereza aliyekuwa akiwafadhili wasurealisti, yaani wasanii waliochora mambo ya ajabu kama ya ndotoni. Picha yake, bila uso wake!

Najua mtaniuliza kuhusu Salvador Dalí, msurealisti wa Hispania, na saa zake zinazoyeyuka. Nampenda, lakini yeye anakuonyesha mapema kwamba uko ndotoni. Magritte anaacha kila kitu mahali pake, anavunja sheria moja tu. Kwangu hiyo ni kali zaidi. Ingawa, nikiwaza tena, Dalí wa zile picha zenye sura mbili ndani ya moja anamkaribia sana. Video ijayo ni yake, jiungeni na chaneli.

Kilichoniudhi ni fremu. Wameweka kioo kinachong'aa! Nikiinama hivi, uso wangu unaelea juu ya kisogo cha bwana James, na mchoro mzima umesimama juu ya uso kukosekana. Msilipe zaidi kwa mng'ao huo. Chukueni karatasi isiyong'aa, kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Mchoro wenyewe una urefu wa takriban sentimita 81, na kwenye nakala ndogo kitabu hakionekani vizuri. Bila kitabu, mmenunua nusu ya picha.

Niambieni kwenye maoni: jicho lenu lilikiona kitabu kabla sijakitaja?