Tathmini ya Ndege ya Kuunganisha ya Mbao ya Balsa

Mwezi uliopita nilinunua ndege ndogo ya kuunganisha kwa shilingi 650, katika duka moja la vifaa vya shule mjini Malindi, nikawapelekea watoto wa dada yangu huku Lamu. Ndani ya boksi mna mwili mwembamba, bawa moja refu la bapa linalopita juu yake, vipande viwili vya mkia, kimoja cha kulala na kimoja cha kusimama, donge la udongo wa kutia uzito puani, na karatasi ya maelezo. Haina injini wala mpira wa kusokota. Hurushwa kwa mkono. Tumeirusha jioni nne katika ufuo wa Shela, na sijaona kifaa cha bei hii kinachofundisha vizuri zaidi kazi ya mkia wa ndege.

Jioni ya kwanza tuliirusha makusudi bila kile kipande cha mkia cha kulala. Iliinamisha pua papo hapo na kujichomeka mchangani. "Mjomba, si bawa tunalo?" aliuliza mkubwa wao, na lilikuwa swali la haki. Bawa hubeba, lakini ubebaji wake hutokea nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, kwa hiyo pua huvutwa chini, na mkia ndio unaosukuma sehemu ya nyuma chini ili pua isiinamike. Tulipourudisha mkia na kuondoa udongo wa puani, mambo yaligeuka: pua ilipanda, ndege ikapoteza mwendo, ikaanguka. Hatimaye tulirudisha vyote viwili, nikaupulizia pumzi yenye joto ukingo wa nyuma wa mkia, nikaukunja juu kiasi cha unene wa kucha, na ndege ikateleza hewani kwa utulivu hadi karibu na maji. Kibao chenye bawaba kilichoko nyuma ya mkia wa ndege kubwa hufanya kazi hiyo hiyo, ila humfuata rubani.

Karatasi ya maelezo ndiyo iliyonisikitisha. Inadai kwamba hewa ipitayo juu ya bawa ina njia ndefu zaidi, hivyo hulazimika kukimbia ili ikutane na ile ya chini ukingoni. Hakuna kinacholazimisha hewa hizo zikutane, na kwa kweli ile ya juu hutangulia kufika. Isitoshe, bawa la ndege hii ni ubao bapa, juu na chini urefu ni ule ule, na bado linaruka! Bawa hubeba kwa sababu huelekezwa juu kidogo dhidi ya hewa ijayo, likaipinda hewa hiyo kuelekea chini. Shinikizo hupungua juu ya bawa na kuzidi chini yake. Watoto wa Lamu wangelielewa jambo hili haraka kwa kuambiwa habari za tanga. Nahodha anayekwenda joshi, yaani kuelekea upande upepo unakotoka, hasukumwi na upepo kutoka nyuma, bali tanga lake huupinda upepo, na akiivuta demani, kamba ya kubania tanga, kupita kiasi mashua huzubaa. Bawa nalo, likiinuliwa mno, kwa kawaida kama digrii 15 hivi, hewa ya juu huachana nalo na ubebaji huporomoka.

Kasoro nyingine ni ufa wa kuchomekea kipande cha mkia kinachosimama, ambao ni mpana kuliko ubao wenyewe. Kipande hicho kilipinda, na ndege ikawa inakata kushoto kila mara, kama mashua ambayo msukani wake umefungwa upande. Niliubana ufa kwa kijiti cha kiberiti na gundi, ikanyooka.

Anayeishi karibu na uwanja wa Manda aende nayo akitazame kitu halisi. Ndege za Cessna Caravan zinazotua pale zina bawa juu ya mwili kama hii yetu, na zinapokaribia kutua utaona vibao vikishushwa kwenye ukingo wa nyuma wa bawa ili libebe zaidi katika mwendo mdogo.

Ninaipendekeza kwa watoto wa miaka 9 na kuendelea, mtu mzima akiwapo. Duka liwauzie wateja mkia wa akiba, kwa maana wetu umeshavunjika mara mbili, na karatasi ile iandikwe upya.